Jina Lako Kwenye Marobota Yangu

Mwanangu Fabrice,

Umekwenda kuwaaga wenzako wa kule kwenye karakana ya viyoyozi, nami nimebaki na sanduku lako katikati ya chumba. Nimelizungushia kamba juu ya zipu, kwa sababu mama yako haamini zipu. Najua utacheka. Cheka tu, mtu aliyeuza suruali za zipu mbovu kwa miaka lazima azijue tabia zake.

Sikuandikii habari za kuchemsha maji, wala za kuficha simu ukiwa sokoni, wala za kumsalimia shangazi yako kabla hujaketi. Hayo nimekwisha kuyasema mpaka umeanza kuitikia kabla sijamaliza. Na kesho kwenye metro ya kwenda uwanja wa ndege wa Baiyun najijua, nitazungumza habari za kilo na mizigo mpaka tufike mlango wa kuondokea, halafu nitakukumbatia nikose la kusema. Kwa hiyo naandika. Naandika kwa Kiswahili hiki nilichokiokota Kariakoo zamani nilipokuwa nanunua mali Dar es Salaam, kwa sababu Kifaransa nilichofundishwa na masista kina adabu nyingi mno, na adabu hiyo hunifanya niseme uongo.

Nataka kukujibu lile uliloniuliza Jumapili. Tulikuwa mezani, una mfupa wa kuku mkononi, ukauliza kana kwamba ni neno dogo tu: "Mama, mutu mukubwa anaweza kubadirisha jina?"

Nikadhani unatania. Ukanieleza kwamba binamu yako amekupatia chumba cha kazi kule Lubumbashi, pazuri, barabarani, watu wanapita kutwa. Ukamwambia kibao utaandika "Chez Fabrice, fundi wa friji". Naye akacheka mpaka simu ikamdondoka, akakwambia uandike jina lingine lolote, hata Olivier, kwa maana hakuna mtu wa Lubumbashi atakayeleta friji yake kwa kitu kinachoitwa Fabrice.

Ningekuwa mama mwenye busara ningenyamaza. Badala yake nilipiga meza nikakwambia kwamba jina hilo limekulisha na kukuvisha, na kwamba mtoto mwenye shukrani halitukani. Ukaweka mfupa chini. Ukaniambia polepole, kwa ile sauti yako isiyopanda hata ukiudhiwa:

"Ile jina ilikuwa yangu, mama. Haukuniulizaka."

Tangu siku hiyo tunasalimiana kama wapangaji.

Basi leo nakuuliza, hata kama nimechelewa. Lakini kwanza nikueleze jina lenyewe lilivyokuja, maana nadhani hujawahi kuyasikia yote, na aliyelijua vizuri hayupo tena.

Ulipozaliwa kule Katuba, mtaani kwetu Lubumbashi, baba yako alikuwa ameshavuka mpaka kwenda Zambia kutafuta maisha. Akayapata, ila huko huko, bila sisi. Kazi ya kukupa jina ikamwangukia babu yako, baba yangu. Nyumbani kwetu mtoto hakupewa jina mpaka kitovu kidondoke. Siku hiyo alipelekwa kwa mkubwa wa nyumba, naye alimnong'oneza mtoto jina lake sikioni kabla ya mtu mwingine yeyote kulisikia, hata mama mzazi. Mimi nilikuwa nimeshachagua. Nilitaka uitwe Patrick, kwa sababu zisizokuhusu. Nikasimama mlangoni kwa kiburi changu chote, nikamwona babu yako amekuinamia, akakunong'oneza, ukapiga chafya. Akasema, "Amekubali. Anaitwa Fabrice."

"Papa, hiyo jina ya bazungu umeitoa wapi?"

"Haiko jina ya bazungu," akanijibu. "Ni jina ya fundi."

Akakaa na wewe mapajani akanihadithia. Ujanani alijifunza cherehani kwenye karakana ya misheni, chini ya bruda mmoja mzee Mbelgiji asiyependa maneno. Siku alipomaliza koti lake la kwanza, bruda alilichukua, akaligeuza ndani nje, akaitazama mishono yake yote hata ya kwapani, kisha akamwambia: sasa wewe ni faber. Hilo ni neno la Kilatini, la Warumi wa kale, na maana yake ni fundi, mtu anayefanya kazi kwa mikono yake juu ya kitu kigumu, kiwe chuma au mbao. Warumi hao walikuwa na ukoo ulioitwa Fabricius, na inasemekana jina hilo lilitokana na neno hilo la fundi. Wafaransa wakalirithi, wakalilainisha mwishoni kama wanavyolainisha kila kitu, likawa Fabrice. Bruda alimhadithia pia mtu mmoja wa ukoo huo aliyepelekewa dhahabu na mfalme adui ili ageuke, akairudisha dhahabu yote. Babu yako aliipenda sana hadithi hiyo. Alimwambia bruda kwamba akipata mtoto wa kiume atamwita hivyo, akaishia kupata mabinti watupu, ndipo ukaja wewe.

Juzi nilisoma kwenye simu kwamba wajuzi wengine hawakubaliani. Wanasema jina la ukoo ule huenda ni la kale kuliko Kilatini chenyewe, na asili yake haijulikani kwa hakika. Sawa, wabishane. Nilichokiona mimi ni kwamba hata neno fabrique, yaani kiwanda, na yale maandishi ya fabriqué en Chine, imetengenezwa China, yaliyojaa kila kona ya mji huu, ni ndugu wa neno hilo hilo la fundi. Nimeishi katikati ya hao ndugu zako miaka yote hii nisiwatambue.

Unakumbuka babu alivyokuwa akitazama nguo? Mtu akija na suti mpya aliyonunua mjini, anaringa nayo, babu hakusema kitu juu ya rangi wala kitambaa. Aliomba aigeuze ndani nje. Wengine walikasirika. Mimi mwenyewe niliona haya, nikamwambia anatufukuzia wageni. Akanijibu kwamba upande wa nje wa nguo kila mtu anajua kuuremba.

Siku uliyopewa jina ndiyo siku niliyoacha kuitwa Honorine. Unajua kwetu mwanamke akishazaa jina lake linawekwa kabatini. Nikawa Mama Fabrice kwa majirani, kanisani, sokoni. Sikuona ubaya, nililipenda. Nilikuwa msichana aliyeachwa, na jina lako likanipa heshima ambayo baba yako hakunipa. Nikaenda nalo Dar es Salaam, kisha nikaja nalo hapa Guangzhou, nikakuacha kwa babu ukiwa umeanza tu kung'oka meno ya utoto. Hilo la kukuacha tumelizungumza siku nyingine, na halikwisha, ila leo siligusi.

Hapa, mara ya kwanza nilipopeleka mali kwa wakala wa kontena, aliniuliza maki yangu ni ipi. Ndiye yule yule Mzanzibari tunayemtumia mpaka leo. Akanieleza kwamba kontena moja linabeba mali ya watu wengi, na kila mtu anaandika alama yake juu ya robota ili kule mbele lisipotee. Nikageuka kutazama marobota ya wengine ukutani. Mama Grâce alikuwa ameandika GRÂCE, Mama Merveille ameandika MERVEILLE. Ghala zima lilikuwa limejaa majina ya watoto walioachwa nyumbani. Nikachukua kalamu ya wino mzito nikaandika FABRICE L'SHI, yaani Lubumbashi, kwa herufi kubwa. Nakwambia kweli, machozi yalinitoka. Niliona kama naliandikia jina lako njia ya kurudi kwako.

Na mwanzoni lilikuwa jina la kazi nzuri. Nilikwenda soko la nguo la Shahe alfajiri, nikachagua suruali moja moja, nikizigeuza ndani nje kama nilivyomwona baba yangu akifanya, mpaka wauzaji wakanichoka. Wanawake wa Lubumbashi wakaanza kuulizana, umepata za Fabrice? Baadaye suruali yenyewe ikaitwa fabrice. Mtu anasema, "Nimevaa fabrice yangu." Waswahili wa Kariakoo walikuwa na msemo, chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na kwa muda mrefu mimi sikutembeza chochote. Nikafanya kiburi. Nikaagiza lebo za kufuma, FABRICE kwa nyuzi za dhahabu na chini yake Paris. Paris sijawahi kufika hata kwa ndoto.

Sasa nifike pale panaponichoma. Wanawake wengine walianza kuleta suruali zinazofanana na zangu kwa bei ambayo mimi siiwezi. Nikaacha Shahe, nikaenda mtaa wa viwanda vya nguo wa Kangle kushonesha mwenyewe, kwa yule laoban, mwenye kiwanda, mama wa miwani anayekula mbegu za alizeti siku nzima, uliyemzoea wewe kuliko mimi. Nikamwambia apunguze. Akapunguza kitambaa cha mifuko. Nikamwambia apunguze tena. Akapunguza zipu. Mara ya tatu akachukua suruali, akaigeuza ndani nje mbele yangu, akanionyesha mshono wa makalioni. Ulikuwa mistari miwili. Akafunika mmoja kwa kidole. Akanitazama.

"Mama Fabrice," akasema kwa lugha yetu ile ya sokoni ambayo si ya mtu yeyote, "hii moja, si nzuri. Osha, osha, kwisha."

Nikamjibu, "Afrika okei."

Maneno mawili tu, mwanangu. Kila mfanyabiashara wa hapa amewahi kuyasema au kuyasikia. Tunayasema kwa wepesi, kama mtu anayefukuza nzi. Nilikuwa nasema juu ya Katuba, juu ya mtaa wetu, juu ya mwalimu wako na jirani aliyenipikia uji nilipokuzaa. Laoban akaandika oda, akarudi kwenye mbegu zake. Nikatoka pale najiambia kwamba nimefanya hivyo kwa ajili ya ada yako ya shule. Nimejiambia hivyo miaka mingi. Ukweli ni kwamba ada yako ingelipika hata kwa mistari miwili. Nilikuwa nimezoea kuwa mtu mkubwa, Mama Fabrice wa kontena, na niliogopa kurudi kuwa yule msichana aliyeachwa, aliyesimama mlangoni.

Suruali zikaanza kupasuka. Haya nilikuwa nayajua, usidhani sikuyajua. Malalamiko yalikuja kwenye simu, nikawajibu kwamba wananenepa. Nikacheka nao. Wakaacha kulalamika, nikadhani yamekwisha.

Lakini yale uliyoniambia Jumapili baada ya kuweka ule mfupa chini, hayo sikuyajua.

Sikujua kwamba shuleni suruali ya mtu ikichanika, darasa zima lilipaza sauti, "Fabrice!" na kwamba wewe uligeuka kila mara ukidhani unaitwa, mpaka ukajifunza kutogeuka. Ulipokuja kwangu hapa ukiwa kijana, nilikuita siku ya kwanza mara mbili na tatu, hukuitika. Nilidhani ni jeuri ya umri. Nikakugombeza pale pale uwanja wa ndege, mbele za watu.

Na sikujua habari za babu.

"Batu balikuwa banazileta kwake," uliniambia. "Balijua ni baba yako. Banamutupia juu ya meza. Ye anageuza, anashona mustari ya pili, anarudisha. Bule."

Nimeketi na neno hilo, bure, tangu Jumapili. Miaka yote ile, kila nilipompigia simu, mzee aliniuliza swali moja: "Huko munatumia uzi gani?" Nikadhani ni ucheshi wa fundi mstaafu asiyeweza kuacha mambo ya cherehani. Na kila nilipomuuliza nimtumie zawadi gani aliniomba uzi. Mweusi na wa bluu. Nilifurahi, Fabrice. Niliwatambia rafiki zangu hapa kwamba baba yangu na uzee wake bado anapata kazi nyingi. Nilimtumia maboksi ya uzi ndani ya marobota yale yale ya suruali, pamoja, chini ya jina lako, naye akawa anautoa uzi akizishonea suruali zile zile mstari wa pili. Mpaka macho yakamwisha. Hakuniambia neno. Kwetu mzazi humfunika mtoto aibu yake na mtoto humfunika mzazi, ndivyo tulivyolelewa, na nilikuwa najivunia desturi hiyo. Alinifunika mpaka akafa, na mimi nikatuma pesa za jeneza zuri.

Nilipomlilia sikujua ninachomlilia. Sasa najua, na simu yake haipo.

Kwa hiyo nisikilize juu ya hilo swali lako. Ndiyo, mtu mzima anaweza kubadili jina. Ukitaka kuwa Olivier, kuwa Olivier. Nitakosea kukuita kwa muda, halafu nitazoea, na sitalia mbele yako. Nilipopiga meza nilikuwa nalitetea jina langu, si lako. Nilishasahau kwamba kuna mtu anayelivaa mwilini.

Ila ukitaka kubaki nalo, ujue lilikuwaje kabla sijalishika. Jumamosi ile nilipokuletea chakula kule karakana bila kukuambia, nilisimama nje kidogo. Ulikuwa umelala chali chini ya friji kuukuu ya mgahawa wa Wahui, wale Wachina Waislamu, umeshika tochi kwa meno. Mwenye mgahawa alikwambia gesi imeingia, inapoza, inatosha. Ukatikisa kichwa. Ukafungua tena kile kibati cha nyuma ambacho hakuna mteja atakayekitazama, ukakaza kitu fulani, ukafuta vumbi, ndipo ukafunga. Nikarudi na chakula nyumbani nikakila mwenyewe, maana niliona aibu unikute nimesimama pale. Hujafundishwa hilo na mimi. Babu yako alikunong'oneza kitu sikioni na naona ulikisikia.

Jumatano nilikwenda Kangle. Nilimwambia laoban arudishe mstari wa pili. Akaniambia bei itapanda, nikamwambia ipande. Akauliza lebo, nikamwambia asishone lebo tena, na zile zilizobaki nikazichukua zote kwenye mfuko wa plastiki. Alidhani nimefilisika, akanipa mbegu za alizeti. Huenda nitafilisika kweli, wateja wangu wamezoea bei ya mstari mmoja. Lakini hilo ni langu, usilibebe kwenye ndege.

Kutoka huko nikapita kwa wakala. Robota la safari hii lilikuwa limeshafungwa, bado kuandikwa. Kijana wake alikuwa ameshainua kalamu, amezoea, akaandika F. Nikamshika mkono. Nikamwambia aifute aandike HONORINE.

Mzanzibari akainua uso kutoka kwenye chai yake. "Mama Fabrice, Honorine ndo nani tena? Mteja mpya?"

"Ndiye mimi, Bwana."

"Hebu! Miaka yote hii?" Akacheka, akaniomba nimtajie herufi moja moja. Ilinibidi nifikiri kidogo.

Ninalokuomba ni moja tu, nalo si agizo la kila siku. Utakapokaa pale barabarani na kibao chako, kwa jina lolote utakaloliandika, ipo siku mtu atakuja na suruali iliyopasuka mkononi, au na mdomo wake tu, akuulize kama wewe ndiye yule Fabrice. Najua ulivyo. Utainamisha kichwa, utatabasamu, utaibeba aibu yangu kimyakimya kama ulivyoibeba darasani. Usifanye hivyo. Usinifunike, mwanangu. Babu alinifunika na angalia kilichotokea. Mwambie: hapana, mimi ni fundi friji. Aliyekuuzia hizo ni mama yangu, anaitwa Honorine, yuko Guangzhou, na namba yake ni hii hapa, mpigie.

Nitapokea.

Mama yako,
Honorine